Unga Kwenye Chungu cha Kale

Siku niliyoaibika kuliko zote katika kazi yangu ya akiolojia nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Ilikuwa mkutanoni, na nilikuwa nimeomba niwasilishe wa kwanza. Nikasimama mbele ya wenzangu nikawaonyesha picha ya hadubini: chembe moja ya wanga gizani, inang'aa kama punje ya chumvi, na msalaba mweusi umeigawa mapande manne. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujipongeza, "Huu ni mtama, na umetoka ndani ya chungu cha karne ya 9."

Makofi yakapigwa. Nyuma kabisa akanyoosha mkono mzee mmoja ambaye amekuwa akishika vigae vya vyungu vya kale tangu sijazaliwa.

"Binti, chungu hicho kilipikiwa?"

"Ndiyo, mzee. Kina masizi nje na ukoko ndani."

"Haya. Mbona wanga wako mbichi?"

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Jambo lenyewe analijua kila aliyewahi kukoroga uji. Unga ukiutia kwenye maji baridi unazama chini na kutulia. Moto ukipanda kupita nyuzi 60, chembe zinavimba, zinapasuka, na uji unashika uzito. Chini ya hadubini ni hivyo hivyo. Ule msalaba mweusi, ambao huonekana ukipitisha mwanga kwenye vichujio viwili vilivyopishana, ni alama ya wanga ambao haujaonja maji ya moto. Ukiiva, msalaba hufifia na chembe hugeuka kama tone la gundi. Misalaba yangu ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa rula. Chungu kimekaa mekoni kwa miaka, kikavunjika, kikafukiwa miaka elfu na zaidi, halafu ndani yake mna unga kama umetoka mashineni leo asubuhi.

Na kweli, kama nilivyokuja kujua, ulikuwa umetoka mashineni.

Niseme kwanza nilifikaje huko. Nimezaliwa Tanga, katika nyumba ya watoto saba, na wali ukipikwa kwetu vita haikuwa ya mchuzi. Makaa yakipaliwa juu ya mfuniko, wali hutoa utandu kwa juu. Chini hubaki ukoko. Utandu ulikuwa wa wakubwa. Ukoko tuliugombania sisi wadogo, tukiukwangua kwa kijiko hadi mama anatuuliza kama tunataka kula na sufuria yenyewe. Miaka ishirini baadaye nikiwa mwanafunzi wa akiolojia, nilipewa kigae cha chungu nikihesabu. Nikakigeuza, nikaona kwa ndani ganda jeusi, gumu, lina mikunjo midogo midogo. Mwalimu alikuwa anatufundisha kupima mdomo wa chungu na kunakili mchoro wa shingoni. Mimi nilikuwa nimeshika ukoko wa mtu.

Pwani yetu ina vigae kuliko kokoto. Vile vyenye pembetatu zilizochorwa shingoni, ambavyo Profesa Felix Chami ameviandikia sana, vinaokotwa kuanzia kaskazini mwa Kenya hadi Msumbiji na visiwani Komoro, na ni vya karne ya 7 hadi ya 10 hivi. Wataalamu wamevitumia kujua mji una umri gani na watu wake walihusiana na nani. Kigae cha China au cha Ghuba ya Uajemi chenye rangi ya kung'aa kikitokea, kambi nzima inasimama, picha zinapigwa. Chungu cha jikoni, ambacho ndicho kingi kuliko vyote, kinahesabiwa, kinapimwa, kinaingia mfukoni, mfuko unaingia ghalani. Nikawa nauliza: mle ndani walipika nini? Wengine walicheka. Swali la jikoni hilo, dada.

Wageni waliopita hapa walituachia maneno machache. Al-Masudi, mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kuwa watu wa Zanji, yaani pwani hii yetu, wanakula mtama, ndizi na nazi, na mmea fulani wanaouchimba ardhini. Ibn Battuta aliyepita mwaka 1331 alipakuliwa Mogadishu wali wa samli, na juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, kisha ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando na achari ya ndimu pembeni. Alipofika Mombasa akasema chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Nawashukuru wote wawili, lakini walikuwa wageni, na kwetu mgeni hapikiwi kilichokuwa kinapikwa jana. Chungu cha siku ya Jumanne, hakuna mgeni, mvua inanyesha, samaki hakuna, hicho hakuna msafiri aliyekiandika.

Punje zilizoungua zimetusogeza mbele. Sarah Walshaw alichekecha udongo wa Pemba, akakuta Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, watu wakitegemea zaidi uwele, na jirani yake Chwaka, uliofuatia kuanzia karne ya 11, mchele umetawala. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha matokeo ya vituo vingi vya pwani na visiwa: bara nafaka za Kiafrika ndizo nyingi, wakati Komoro mchele na choroko, mazao ya Asia, yalishika nafasi ya mbele mapema sana. Hiyo ni kazi kubwa. Ila punje hubaki kwa bahati mbaya yake yenyewe: iliungua bila kuwa majivu. Uji uliosagwa na kuliwa wote hauachi punje. Ndiyo maana nilikazania chungu.

Nikapata nafasi ya kujifunza Uingereza. Huko nikaelezwa kuwa chungu kisichopakwa rangi ya kioo ni kama sponji. Mafuta ya chakula hupenya kwenye vitundu vya udongo wake na hukaa humo karne na karne. Unakwangua uso wa kigae, unautupa, unasaga gramu moja au mbili za ndani, unaloweka kwenye vimumunyisho, kisha mashine ya kromatografia ya gesi inakupangia molekuli moja moja kwa zamu yake. Sehemu kubwa ya unachokiona ni asidi mbili za mafuta, palmitiki na steariki, ambazo zimo karibu katika kila kitu, na peke yake hazikwambii hata kama mpishi alikuwa na ng'ombe au na ufuta. Unachotafuta ni ile molekuli ya nadra. Majani ya mboga yana nta yake. Uwele una kitu kinaitwa miliasini, ambacho mtama hauna. Ukikikuta umepata pa kushikia.

Na nazi? Hapa ndipo nilipoumia kidogo. Mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na nilidhani basi kazi imekwisha: chungu cha pwani lazima kitanukia lauriki. Lakini molekuli ya asidi hiyo ni fupi, na molekuli fupi huyeyuka na maji kuliko ndefu. Masika baada ya masika inasombwa. Hivyo kiungo ambacho bila hicho bibi yangu asingekiita chakula chakula, ndicho cha kwanza kukimbia. Siku niliyoiona lauriki nyingi kwa mara ya kwanza katika kigae changu, nilimkimbilia msimamizi wangu. Hakuitazama karatasi. Alinitazama mikono, akaniuliza, "Unajipaka nini?"

Nilikuwa najipaka mafuta ya nazi.

Ungedhani baada ya hapo ningekuwa mtu wa tahadhari. Nilikuwa, kwa upande wa mafuta. Nilijifunza kuwa mifuko ya plastiki inaachia thaleti, kemikali za kulainishia plastiki, ambazo zinaonekana kwenye mashine kama milima, nikahamia kwenye karatasi ya alumini. Nilijifunza kuwa vidole vya binadamu vinaacha skwalini, mafuta ya ngozi. Wanga niliuona jambo jepesi, maana hauhitaji mashine ya mamilioni: maji safi, mswaki mpya, mashine ya kuzungusha, kimiminika kizito cha kuuelesha, na hadubini. Wepesi huo ndio ulioniponza.

Baada ya swali la yule mzee sikulala. Asubuhi nilifanya nilichopaswa kufanya miezi mitatu kabla. Nilichukua kipande cha kioo kitupu, nikatia tone la maji ya maabara, nikakiacha mezani saa moja, nikakitazama. Chembe nne. Nikavaa glovu, nikaisuuza kidole kimoja juu ya kioo kingine. Nikaacha kuhesabu. Glovu zile zilitiwa unga ndani ili zisigande mkononi, na unga wenyewe, kama ilivyo kwa glovu nyingi za namna hiyo, ni wanga wa mahindi. Jambo hili wataalamu wa wanga wa kale walishaliandika waziwazi na kulipigia kelele. Nilikuwa nimelisoma. Nililisoma kama mtu anavyosoma maandishi ya tahadhari kwenye chupa ya dawa.

Sasa, mahindi na mtama. Chembe zao ni ndugu: zote zina pembe pembe, kitovu katikati, mara nyingine mpasuko wa nyota, na ukubwa wake unaingiliana. Ukiwa unatamani mtama, mahindi yatakukubalia. Kumbe mahindi ni mmea wa Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na hindi Afrika, na huku kwetu yalikuja na dunia ile ya Wareno iliyoanza na Vasco da Gama mwaka 1498. (Mara nyingine huwa najaribu kulifikiria jiko la pwani la wakati huo na kushindwa: hakuna mahindi, hakuna muhogo, hakuna nyanya, hakuna pilipili hoho wala ile kali. Kachumbari ya nini basi?) Hindi kwenye chungu cha karne ya 9 ni sawa na kukuta vocha ya simu.

Lakini glovu hazikumaliza hesabu. Chembe za glovu zingesambaa sawasawa kwenye kila sampuli, na zangu hazikuwa hivyo. Vigae vingine vilikuwa na wanga wa kujaa, vingine karibu hamna. Nikachukua daftari la kambini nikakaa nalo jioni nzima. Vilivyojaa vyote vilikuwa vimeoshwa. Vichache ambavyo sikuviosha, kwa uvivu tu, kwa kuwa mvua ilitukuta siku ya mwisho tukafunga mizigo haraka, vilikuwa safi. Udongo tuliouchukua kando ya vigae nao ulikuwa safi.

Nikapiga simu kijijini tulikochimba, kwa mama aliyekuwa akitupikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika salama?"

Tulikuwa tumefika miezi minane iliyopita. Tukasalimiana kwa marefu, mashamba, wajukuu, mguu wake. Kisha nikamuuliza ile mikeka tuliyoanikia vigae baada ya kuviosha, aliitoa wapi.

"Yangu ile. Ya kuanikia."

"Kuanikia nini, mama?"

"Kila kitu. Makande, unga ukishika unyevu. Kwani imeharibu kitu?"

Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini? Yeye alitoa mikeka yake mizuri kwa heshima ya kazi yetu, na akaikung'uta kabla ya kutupa, nilimwona. Jiko lake lilikuwa hatua kumi upande wa upepo unakotoka, akichekecha sembe kila siku saa tano kwa ajili ya ugali wa watu kumi na wanne, mimi mmoja wao. Na maji ya kuoshea vigae tulikuwa tunayachota kwa kata ile ile iliyokuwa ndooni jikoni. Hatukuwa tunachimba chakula cha karne ya 9. Tulikuwa tunakitengeneza.

Niliandika barua kwa waandaaji wa mkutano kuondoa matokeo yangu. Aya mbili. Ile ya pili ilinichukua siku mbili.

Nilianza upya kwa vile vigae ambavyo havijaoshwa. Vilikuwa vichache, na asilimia kubwa havikunipa kitu, na nataka niliseme hilo wazi kwa sababu vijana wanaokuja kwetu wamezoea picha za kupendeza: chungu kingi cha kale kiko kimya. Katika ukoko wa viwili nilikuta madonge ya wanga uliovimba, hauna msalaba, hauna umbo. Ulikuwa umeiva. Haukuweza kunitajia jina lake, na nilifurahi kuuona kuliko nilivyofurahia zile nyota zangu za kwanza. Kigae kimoja kilitoa miliasini kidogo, yaani uwele, kama punje za Tumbe zilivyodokeza. Mwenzangu aliyeangalia fitolithi, vile vijiwe vya silika ambavyo mmea hujijengea ndani ya seli zake na ambavyo moto hauviunguzi, aliniambia ganda la mpunga lina alama yake, nundu mbili kama pembe za mbuzi mdogo, na kwamba hakuiona kwangu. Mafuta ya vigae vingine yalielekea kwa samaki. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hawa hata wali wenyewe sikuwaonea, upwa ndio ulionekana.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa nimeridhika. Lakini mwaka uliofuata nilikwenda kumsalimia shangazi yangu Muheza, nikamkuta amenunua chungu kipya cha udongo kwa ajili ya mchuzi wa papa, maana anasema sufuria haimjui papa. Alikuwa amekijaza maji, akatia unga konzi mbili na machicha ya nazi, akakiacha kichemke taratibu tangu asubuhi. Nikamuuliza anapika nini.

"Sipiki. Nakiziba."

Chungu kipya kinavuja jasho, akanieleza. Ukikichemshia uji, unga unaingia kwenye vitundu, kinakaza. Uji wenyewe anamwagia kuku. Mama yake alifanya hivyo. Wengine, akasema, wanakipaka maji ya magome kikiwa bado cha moto kutoka kwa mfinyanzi.

Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi nikimwangalia. Miaka yote ile nilikuwa nafikiri kilichomo kwenye chungu ni chakula. Sasa nafikiria kigae changu cha uwele. Huenda watu wale walikula uwele. Huenda pia mwanamke mmoja aliziba chungu chake kwa uji wa uwele siku ya kwanza, akamwagia kuku, na tangu hapo hadi kilipovunjika akakipikia samaki tu. Mafuta ya mwanzo ndiyo yanayokuta vitundu vikiwa wazi. Na kuna chungu cha kuchemshia dawa, cha kufukizia mzazi, cha kutengenezea mafuta ya nywele. Mashine haiwezi kuvitenganisha hivyo. Labda mahali chungu kilipookotwa patasaidia, au umbo lake, au masizi yamekaa wapi. Nilimuuliza shangazi kama anaweza kutofautisha chungu cha dawa na cha mchuzi kikishavunjika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anawajua watoto wake. "Kwa kunusa," akasema.

Siku hizi kambini kwangu kuna sheria na wanafunzi wananuna. Kigae cha kuchunguzwa hakioshwi, hakishikwi kwa mkono mtupu, kinaingia kwenye alumini na udongo wake, na udongo wa kando unachukuliwa pia. Ugali tunakula ng'ambo ya kilima, upepo ukituelekea sisi. Kila siku kuna kioo kitupu kinaachwa wazi mezani, na jioni tunakitazama kabla ya kutazama kingine chochote. Mwaka juzi, kwa sheria zote hizo, kijana mmoja mwenye bidii alikichukua kigae kizuri kuliko vyote vya msimu, kina ukoko wa unene wa kucha, akakisugua kwa brashi hadi kikatakata, kwa sababu, alivyoniambia kwa adabu, kilikuwa kichafu.

Nyumbani nako nimeanzisha jambo langu. Nilinunua vyungu viwili sokoni, vya mfinyanzi mmoja, nikavipikia wali wa nazi, kila kimoja mara arobaini, nikiandika kwenye daftari. Kisha nikavivunja na kuvizika chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mama. Cha kwanza nilikifukua baada ya masika moja, na lauriki ilikuwa imeanza kupungua, kama nilivyofundishwa. Cha pili nataka kikae miaka kumi. Mama hajafurahishwa na habari hiyo. Chungu kizima, kizuri, kimepikiwa mara arobaini na hakikutoa ufa, halafu mtu mwenye akili zake anakipiga jiwe. Mgeni akija na kuuliza yale mawe yaliyopangwa chini ya mwembe ni ya nini, anamwambia pale amezikwa mpishi wa binti yake.